Kushoto kwa Mgiriki

Siku hizi wanakuja vijana wenye kamera shingoni. Wanapiga picha roshani zetu zenye nguo zilizoanikwa na makopo ya mrehani, kisha wanaketi kwenye mkahawa uliofunguliwa ndani ya ghala la zamani la ngozi, wanaagiza kahawa ya bei ya kilo ya nyama, na kuandika kwamba hapa Tuteh, Mwarmenia, Mkurdi, Msiriani na Mshia wa kusini waliishi pamoja kwa upendo. Upendo gani? Mimi Inam nimezaliwa hapa, nina miaka sitini na tisa, na upendo wa namna hiyo sikuuona. Tuliishi pamoja kwa ugomvi. Tuligombania maji, kivuli, kamba za kuanikia, sauti ya redio na harufu ya vitunguu. Tulivunjana meno asubuhi, jioni tukaazimana chumvi, na sikumbuki mtu yeyote akiomba msamaha.

Mtaa wenyewe ni mdogo. Ukiwasha sigara kwenye daraja la mto, itakwisha ukiwa umeshafika relini, na njiani umeshasalimiwa kwa lugha nne na kutukanwa kwa mbili. Hatuna namba za nyumba. Tuna alama, na alama zetu zote zimemwagiwa damu, na karibu zote hazipo. Bilula, bomba la maji la mtaa mzima, haipo: wanawake wawili, mmoja wa Kikurdi na mmoja wa Kiarmenia, walipigana pale kwa ndoo mpaka mmoja akatoka jicho, na watu wa baraza la mji wakaja kuing'oa. Sinema Firdaus ilichomwa moto katika vita vya mwaka wa hamsini na nane. Mgiriki alikuwa mwuza dawa. Walimvunjia duka kwa nondo, wakamchana shavu kwa chupa ya dawa yake mwenyewe, akapanda meli na hakurudi. Na ule mforosadi uliotupa jina, maana tuteh ndiyo forosadi, ulikatwa na ndugu wawili waliogombania kivuli chake. Walipomaliza kuukata mti wakageuziana shoka, mdogo akapoteza vidole vitatu.

Lakini mwulize mtu wa Tuteh njia, atakwambia bila kupepesa macho: nenda mpaka Bilula, pinda kwa Mgiriki, nyuma ya mforosadi, mlango wa pili. Hakuambii kulia wala kushoto. Kwa nini akuambie, na mforosadi kila mtu anajua ulikuwa upande gani? Huo mlango wa pili ulikuwa mlango wetu.

Mtu aliyeijua milango yote alikuwa Siti Vartuhi, mchoma sindano.

Aliletwa Beirut akiwa na miaka mitano, mgongoni mwa mtu asiyemjua, kutoka Marash, ambako hakubaki hata mmoja wa kwao. Akalelewa na watawa, wakamfundisha kuchemsha sindano na kuchoma, na tangu hapo alichoma watu miaka arobaini. Daktari aliandika dawa, mtu akanunua, halafu akamwita Vartuhi. Alipita mlango kwa mlango kwa miguu, na mfuko mweusi wa ngozi, ndani yake kikopo cha bati chenye bomba la kioo, sindano tatu na chupa ya spiriti. Alikuwa mfupi, mnene, na mkono wake wa kulia ulikuwa mwepesi ajabu. Mumewe, Hagop, fundi viatu, alikuwa akimpiga kwa kalibu ya kiatu. Siku moja akampiga wakati maji ya sindano yanachemka. Vartuhi akamwagia sufuria nzima, pamoja na sindano zake, kisha akainama kuziokota sindano moja moja huku mume anapiga kelele sakafuni. Hagop akahamia bondeni kwa ndugu zake na uso wenye mabaka, na Vartuhi hakumtaja tena.

Kiarabu chake kilikuwa balaa. Miaka hamsini mjini na bado mwanamume alimwita bibi na mwanamke akamwita bwana, na maneno mengine aliyaunga ovyo ovyo, kama mimi ninavyoyaeleza hapa. "Bwana Inam," aliniambia mimi, msichana, "wewe lala, tako yako inakuwa ngumu kama mbao, mimi sindano yangu navunjika!" Watoto wote wa Tuteh walimwiga. Ukimsikia mtu mzima akicheka peke yake njiani, ujue Vartuhi amepita.

Kosa lake kubwa lilikuwa Malke. Malke alikuwa mtoto pekee wa Um Malke, mjane wa Kisiriani aliyekaa ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wa Vartuhi. Alipokuwa na miaka sita akashikwa na homa, Vartuhi akaitwa, na mtoto akaruka sindano ikiwa ndani. Ikagusa mshipa wa fahamu. Homa ikapona, ila mguu wa kushoto ukalegea kuanzia kifundo, na tangu siku hiyo kila Malke alipotembea unyayo ule ulianguka chini wenyewe: hatua ya kimya, halafu pa! Hatua ya kimya, pa! Ulimjua anakuja kabla hujamwona.

Um Malke alimngoja Vartuhi pale Bilula, mchana, mtaa mzima ukiangalia. Alikuwa na ubao wa kufulia. Pigo la kwanza lilivunja mtulinga, la pili na la tatu yakavunja mbavu. Vartuhi hakuinua mkono. Alipoanguka, Um Malke alimkalia kifuani na kumpiga makofi mpaka akachoka, na hakuna aliyewaamua, kwa sababu wote tuliona ni haki yake. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nasema tuliona, ndivyo tunavyosema hapa. Baada ya siku arobaini Um Malke mwenyewe akashikwa na kichomi. Mchoma sindano mwingine hakuwepo. Vartuhi akavuka ukumbi, kifua kimefungwa bendeji, kikopo mkononi. Um Malke akamtazama muda mrefu, kisha akageukia ukutani, akapandisha nguo, akasema neno moja: "Choma."

Basi ndiyo ikawa suluhu yao. Miaka ishirini na zaidi, kila Jumatano, sindano ya dawa ya damu, na katikati matusi kwa kwenda mbele.

Mimi nilianza kuugua kisukari nikiwa na miaka kumi na moja. Kila asubuhi saa moja, kabla sijatia kitu mdomoni, Vartuhi alikuwa mlangoni. Nilipofika miaka ishirini na kufanya kazi kiwanda cha soksi, bado nilikuwa siwezi kujichoma. Nilishika sindano, nikalia. "Mimi nakufa, wewe nafanya nini?" aliniuliza. "Utaita mimi kaburini? Vartuhi, toka, leta mkono?"

Mwaka wa sabini na sita ukaingia na bunduki zikafika relini. Baba yangu, Abbas, tuliyemwita Abu Hasib kwa jina la kaka yangu aliyekuwa Kuwait, alikuwa na tanuri la mikate chini ya nyumba yetu. Yeye hakuacha kuoka. Mkate wake walikula Waarmenia, wakala Wakurdi, na mwingine ulivuka reli ndani ya mikokoteni, kwa sababu huko nako kulikuwa na watoto wenye njaa. Watu wa bunduki wakasema huo ni mkate wa adui. Wakatuma karatasi: Abbas afunge tanuri aondoke. Mama akamwambia tuondoke.

"Niondoke niende wapi?" baba akafoka. "Nibebe tanuri mgongoni?"

"Watakuchinja, Abu Hasib! Watatuchinja sisi sote!"

"Basi wanichinje nikiwa na unga mikononi. Nipishe, unga unachacha."

Nilimchukia baba yangu wiki ile, naomba nisamehewe. Tuliposikia kwamba nyumba ya mfua bati wa kando ya mto wameimaliza yote, wazee na mtoto wa mwezi mmoja, nilijua zamu yetu inakuja na yeye anakanda unga.

Walikuja Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Vartuhi alikuwa ametoka kwetu dakika chache tu. Yaliyotokea Bilula nimeyapata kwake, na kwa Sharo, hamali wa Kikurdi aliyekuwa akikaa ngazini pale kungoja mizigo.

Walishuka kwenye gari, watano. Kiongozi wao uso wazi, amevaa koti la ngozi, wengine wanne wamevaa vichwani magunia yaliyotobolewa macho. Walianza na Sharo.

"Nyumba ya Abbas mwoka mikate iko wapi?"

"Sijui, bwana mkubwa. Mimi nabeba mizigo tu."

Mmoja wa wale wa magunia akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Sharo akaanguka, akatema meno mawili mkononi, akawa anayatazama. Wakamwuliza tena, akatikisa kichwa, wakampiga mateke mbavuni na tumboni mpaka akajikunja chini. Hapo ndipo Vartuhi akatokea na mfuko wake.

"We bibi kizee! Nyumba ya Abbas, mwoka mikate!"

Vartuhi alimwangalia Sharo pale chini na kuona kwamba "sijui" haisaidii. Na hapo akafanya jambo ambalo maisha yake yote yaliyobaki alijilaumu nalo. Aliona ujanja. Aliona awaambie ukweli mtupu, kwa lugha ya Tuteh, wautafute mpaka jioni.

"Abbas?" akasema. "Rahisi, bibi yangu. Wewe nenda mpaka Bilula. Pinda kwa Mgiriki. Nyuma ya mforosadi, mlango ya pili."

Walikuwa wamesimama pale pale Bilula, na hakuna bilula. Hakuna Mgiriki. Hakuna mti hata mmoja mpaka mtoni. Lakini mwenye koti la ngozi hakusikia hayo, alisikia jambo jingine.

"Umeniitaje? Bibi?" Akamzaba kofi lililomtoa kitambaa cha kichwa. "Mimi bibi yako?"

"Samahani, bibi, mimi Kiarabu yangu..."

La pili likampasua mdomo. Na hapo, nyuma ya gunia moja, mtu akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka puani, kikakatika, kama tulivyokuwa tukicheka sisi sote utotoni nyuma ya mgongo wa Vartuhi. Mtu wa mbali angeona kizee anamtukana mkubwa wake. Kucheka vile kungetoka kwa mtu mmoja tu, anayejua kwamba Vartuhi hata baba mtakatifu angemwita bibi.

Mwenye koti la ngozi akageuka polepole. "Unacheka nini?"

Gunia likainama.

"Unamjua huyu. Wewe umesema kwenu ni mlimani. Unamjua huyu mwanamke?"

"Hapana, mkubwa."

Akamwekea bastola tumboni. "Alichosema umekielewa?"

Yule akaitikia kwa kichwa.

"Tangulia."

Akatangulia. Hatua ya kimya, pa! Hatua ya kimya, pa!

Vartuhi aliniambia kwamba alipousikia mguu ule maji yalimtoka mwilini akajilowesha. Malke alikuwa ameondoka mtaani miaka mitatu nyuma baada ya kugombana na mama yake, na mama alimwambia kila mtu kwamba mwanawe yuko Zahle, seremala, anajenga maisha. Sasa alikuwa mbele yake, amevaa gunia, ameshapita Bilula kwa upande ulio sawa, na kutoka hapo mpaka pembe ya Mgiriki ni hatua thelathini. Kwa Mgiriki, ukipinda kulia, unatokea kwetu. Ukipinda kushoto, unaingia kichochoro kisichotoka, maghala ya ngozi yaliyotelekezwa. Alinijua mimi, alimjua baba, alikula mkate wetu tangu ana meno. Na mguu ule Vartuhi ndiye aliyeufanya. Akaona kwamba Malke amekuja kulipiza, na kwamba tutalipa sisi.

Hatua zile zilipokaribia pembe akapiga ukelele ambao mimi niliusikia nyumbani, mswaki mdomoni.

"Malke! Malke ya Um Malke! Mguu hiyo mimi nilifanya! Mimi! Ua mimi, wacha toto ya Abbas!"

Mmoja wa wale wa nyuma akamshika, akaubana mkono wake wa kulia ukutani na kuuponda kwa kitako cha bunduki. Akauponda tena. Sharo anasema ilisikika kama mtu anayevunja lozi. Vartuhi hakunyamaza. "Malke! Malke!" Madirisha yakafunguka kuanzia mtoni hadi relini. Na juu, ghorofa ya tatu, Um Malke akatoka roshani na shuka lenye maji mikononi, akamfokea kwa hasira zote alizokuwa nazo.

"Unamwita nani, we kichaa? Mwanangu yuko Zahle! Malke yuko Zahle!"

Watu waliokuwa madirishani wanasema yule wa gunia aliinua kichwa mara moja kuelekea roshani. Alipokiinamisha alikuwa ameshapinda kushoto, na hakuna aliyeona alianza lini.

Baba, yeye aliyekataa kuondoka kwa karatasi na kwa machozi ya mama, aliondoka kwa sauti ya Vartuhi. Aliacha mikate ndani ya tanuri. Alitusukuma ngazini mpaka paani, tukaruka kutoka paa hadi paa, mama akiwa pekupeku, mimi na chupa yangu ya insulini ndani ya sidiria, mpaka tukashukia nyumba ya Vartuhi, kwa kuwa ndiyo pekee tuliyojua mlango wake haufungwi. Tulikuwa bado tunahema tuliposikia mlango wa ghala unavunjwa, kisha kelele za mwanamume mmoja, kisha risasi mbili. Baadaye kidogo ya tatu.

Tulielezwa baadaye. Malke aliwapeleka mlango wa pili, kama walivyoelekezwa. Wakavunja, wakakuta ngozi zilizooza na panya. Pengine angewaambia amepotea, pengine wangempiga tu. Mtu hupotea. Lakini kwa kuwa sasa walijua jina lake, na mama yake, na roshani yake, hawakuwa na haja ya kumsikiliza. Walimpiga risasi ya kwanza kwenye ule mguu, ya pili kwenye mguu mzima, wakamwacha atambae, kisha ile ya tatu. Wakamburuta kwa miguu mpaka pembe ya Mgiriki na kumwacha katikati ya njia na gunia lake kichwani. Wakamwambia Sharo kwamba atakayemgusa kabla ya machweo naye atalala hapo. Halafu mizinga ikaanza upande wa mto wakaitwa huko, na hawakupata nafasi ya kurudi kututafuta siku ile.

Um Malke hakungoja machweo. Alishuka na shuka lile lile, akakaa chini katikati ya njia, akamvua mwanawe gunia.

Tulikaa kwa Vartuhi siku kumi na moja, chumba cha ndani, nyuma ya pazia, mpaka wale wa bunduki walipohama relini. Mkono wake tuliufunga kwa vijiti na vitambaa, vidole vimevimba vyeusi. Asubuhi ya kwanza, saa moja kamili, alinichemshia sindano kwa mkono wa kushoto na kunitupia kikopo mapajani.

"Leo choma wewe."

"Siti, siwezi."

"Mkono iko wapi?" akasema, akaniinulia lile furushi la vitambaa. "Tafuta. Ukiona mkono, mimi nachoma."

Nikajichoma. Nililia, lakini nilijichoma.

Kutoka ng'ambo ya ukumbi tulisikia kilio cha Um Malke usiku na mchana. Kuta zenyewe zilikuwa za udongo na chokaa, tulisikia hata anavyokohoa. Kwa hiyo na yeye alitusikia. Baba alisema wazi: yule mama akiamua kufungua mdomo, tumekwisha. Alikuwa na haki. Mwanawe amekufa kwa ajili ya mlango wetu, kwa mdomo wa jirani yake, na wauaji walikuwa bado wako relini, mwendo wa sigara nusu. Siku ya pili tulisikia mlango wake ukifunguka, akashuka ngazi, akakaa nje saa nzima. Mama alisali mpaka sauti ikamkauka. Um Malke akarudi. Hawakuja.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano. Saa nne mlango ukagongwa mara moja na kufunguliwa bila kungoja. Alikuja moja kwa moja, amevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, akavuta pazia. Akatutazama mmoja mmoja: baba, mama, mimi. Baba akasimama. Um Malke akamgeuzia mgongo.

"Vartuhi."

"Mimi hapa."

"Nitakuuliza neno moja. Ukinidanganya nitajua." Uongo huo, hakuna ambaye angejua. "Mwanangu alipinda kushoto. Alianza kupinda kabla hujamwita, au baada?"

Sikuelewa mara moja. Nilimwona Vartuhi anavyoelewa, uso wake ukasawijika. Kama ni baada, basi Malke alikuwa anawaleta kwetu kutuua, na jina lake na roshani ya mama yake ndivyo vilivyomgeuza. Na Vartuhi amefanya alilopaswa kufanya. Kama ni kabla, basi Malke alikuwa ameshaamua peke yake, ndani ya gunia lake, kuwapoteza. Angesema amekosea njia, angetandikwa, angeishi. Na basi aliyemwua ni Vartuhi, mara ya pili.

Alikaa kitandani, mkono umelala mapajani. Barabarani mtu alikuwa akiita viazi.

"Kabla," akasema.

"Kabla ya kuita?"

"Kabla. Mguu ilikuwa imeshageuka. Mimi niliita bure."

Um Malke akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Nilidhani atamrukia. Baba naye alidhani hivyo, alisogea. Mama huyu aliyewahi kumvunja mbavu kwa ajili ya unyayo mmoja, sasa angemfanya nini? Akasogea mpaka kitandani, akasimama juu yake, mikono imekunjwa ngumi. Vartuhi hakuinua uso wala mkono, kama ambavyo hakuuinua ile siku ya Bilula.

"Mwanangu alikuwa mtu mwema," Um Malke akasema.

"Bwana mwema," Vartuhi akaitikia. Mara hiyo hakumwita bibi.

Basi Um Malke akalala palepale kitandani, akageukia ukutani, akapandisha ile nguo nyeusi. "Leo Jumatano," akasema. "Choma."

Vartuhi akanitazama mimi. Nikachukua kikopo. Nikamwaga spiriti, na Vartuhi akaniambia kwa sauti ya chini: juu, upande ya nje, mbali na mshipa, usiogope. Nikamchoma. Nyama yake ilikuwa baridi. Hakutikisika, ila nilipotoa sindano akasema, bado amegeukia ukuta, "Mkono mwepesi, binti Abbas," kisha akaanza kulia, na mimi nikakaa naye mpaka akanyamaza.

Tangu hapo ikawa kazi yangu. Mkono wa Vartuhi haukupona. Nilimchoma Um Malke kila Jumatano kwa miaka kumi na tano, mpaka nikamfumba macho mimi mwenyewe, na pembe ile, kwa wenyeji, si kwa Mgiriki tena, ni kwa Malke. Vijana wa kamera wakiniuliza mkahawa uko wapi, nawaambia: pinda kwa Malke, mlango wa pili. Wananiuliza Malke ni duka gani. Nawaacha watafute.

Vartuhi alitangulia kufa, mwaka wa themanini na tano. Wiki ya mwisho nilikuwa namwosha, na ule mkono uliopinda nikauweka ndani ya beseni, nikapata ujasiri niliokuwa sina miaka tisa.

"Siti, ilikuwa kweli kabla?"

Nikadhani amelala. Nikamkausha vidole, kimoja kimoja.

"Mimi nilikuwa napigwa, Inam," akasema mwishoni. "Nilikuwa nimefumba macho."